Alama ya Kitopeni

Miaka ile milango ya biashara huria ilipofunguliwa, Kibiti ilipokea vitu vingi kwa mpigo: mabasi ya watu binafsi, mitumba, simu za mkononi, na mwishowe kompyuta tatu zilizoletwa na shirika moja na kuwekwa katika chumba kilichokuwa ghala la korosho. Ndani ya kompyuta hizo mlikuwa na ramani ya ajabu. Haikuchorwa na mtu mmoja. Kila aliyejiandikisha aliweza kuweka alama ya mahali anapopajua, na kila mwingine aliweza kuifuta na kuweka yake.

Walioipenda ramani hiyo kuliko wote walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Theopista, mwanamke wa kutoka bara aliyefundisha jiografia. Alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, lakini kanuni kwake ilikuwa kanuni. Wa pili alikuwa Tahiri, fundi wa mashine za boti, mzaliwa wa delta, kule mto unakogawanyika kuingia baharini, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuwaka. Walipendana kama ndugu. Mwalimu alipougua malaria, Tahiri ndiye aliyempelekea uji wa mchele kila asubuhi, wala hakuna aliyemtuma.

Hata hivyo, mahali pamoja paliwashinda kukubaliana. Mahali hapo ni Kitopeni, bonde la mpunga lililomo ndani ya delta, upande wa Mbwera. Mwalimu aliweka alama ya kambi. Tahiri akaifuta, akaweka ya kijiji. Mwalimu akairudisha ya kambi. Kwa miezi saba alama ile ikawa inabadilika rangi kama kinyonga.

"Mimi nilifika Kitopeni kwa miguu yangu," Mwalimu alisema siku moja walipokutana katika chumba cha kompyuta. "Nilikuta vibanda vitupu na sufuria moja imefunikwa chini. Hapana shule, hapana duka, hapana hata kuku. Kijiji gani hicho?"

"Ulifika mwezi gani?"

"Septemba."

Tahiri akapiga makofi. "Basi na mimi nitakuja kanisani kwenu Jumatatu, nikute viti vitupu, niandike kwamba Wakristo wa Kibiti wamekwisha!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema taratibu, "Na wewe je? Umepaita kijiji, boti ya kliniki ikaenda Oktoba kwa alama yako. Ilimkuta nani?"

Tahiri akainama. Boti ilikuwa imekuta nyani.

Mabishano hayo yangebaki utani kama si boti hiyo. Nesi Elinipendo, msimamizi wake, alipanga vituo kwa kuifuata ramani: kijiji kilipata kituo, kambi haikupata. Na Kitopeni alikuwako Kudra, dada yake Tahiri, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba yake ya kwanza iliharibika kwa sababu ya presha, na nesi alikwisha kumwonya kwamba hii lazima ipimwe kila mwezi.

Tahiri alikwenda kwa nesi kumwombea dada yake. Nesi alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa huruma, "Kaka yangu, mafuta ya boti hutolewa kwa ramani. Kwa safari ile ya Oktoba nilisemwa mbele ya watu. Nipeni alama moja ambayo nyote wawili mnaisimamia. Orodha ya Mei naifunga Jumatatu ijayo."

Ilikuwa Jumanne. Tahiri hakwenda kwenye kompyuta. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu.

"Shule zimefungwa kwa Pasaka," alisema. "Twende ukakae Kitopeni siku tatu. Usipite tu, ukae. Ukirudi ukaandika kambi, sitaigusa tena."

Mwalimu alimtazama, akaona kwamba safari hii hatanii. Akaingia ndani kufunga kanga zake.

Walipofika, Mwalimu hakupatambua. Bonde aliloliona kavu sasa lilikuwa limejaa maji na mpunga wa kijani, na juu ya maji yalisimama madungu, yale yale aliyoyaita vibanda, kila moja juu ya miguu yake mirefu kama korongo. Mitumbwi ilifungwa penye ngazi. Moshi ulitoka kila upande. Mwalimu aliyahesabu madungu yenye watu: thelathini na moja. Katika moja, watoto walikuwa wakisoma Kurani kwa sauti moja. Na duka lilikuwako, ila lilipita kwa mtumbwi, na mwenye duka alipiga kelele za kuita wateja wa sukari na mafuta ya taa.

Mwalimu alipanda ngazi ya kwanza, akateleza, akatumbukia topeni mpaka kiunoni.

"Mwalimu kapima kina!" alisema mwanamke mmoja, na bonde zima likacheka. Lakini kabla kicheko hakijakwisha, mwanamke yule yule, Bi Kijakazi, alikuwa amekwisha kumvuta, kumfunga kanga yake mwenyewe na kuzichukua nguo zake akazifue. "Usione haya, mwanangu," alimwambia. "Tope la huku halimkosi mtu. Na mimi niliolewa huku, nililia wiki nzima."

Kudra alimtandikia mgeni kitanda chake cha kamba, kilichokuwa kimoja tu, yeye akahamia mkekani. Mwalimu alikataa, Kudra akakataa kukataliwa. Asubuhi Mwalimu aliona miguu ya mwenyeji wake imevimba kama mihogo, na bado alikuwa akishuka ngazi ile kwenda kulinda mpunga.

"Kudra, kwa nini huendi zahanati ya Mbwera?"

"Kwenda na kurudi ni siku mbili za kupiga kafi, dada. Mume wangu Sufiani analinda upande ule, mimi upande huu. Nikiondoka siku mbili, nguruwe hawataniuliza nilikuwa wapi. Na mpunga huu ndio mwaka wetu."

Siku hiyo Mwalimu alikwenda naye shambani, akapiga debe kufukuza ndege mpaka mikono ikafa ganzi. Siku ya tatu mgongo ulimuuma, mbu walikuwa wamemchora ramani yao miguuni, na alijua majina ya watoto kumi na wanne.

Wakati wa kuaga, alimwambia Tahiri, "Nimeshindwa. Nitaandika kijiji."

Tahiri alikuwa amengoja neno hilo miezi saba. Lilipokuja, halikumfurahisha. "Hapana, Mwalimu. Tukiandika kijiji, Septemba boti itakuja tena kusalimiana na nyani, na mwakani hatutaaminiwa. Kusema kweli, nilitaka kwetu paonekane pakubwa."

Kudra, aliyekuwa akipepeta mchele wa kuwafungia safarini, akainua uso. "Sasa mnahangaikia nini? Semeni sisi ni watu wa hapa tangu Desemba mpaka Julai, na miezi mingine tuko kwetu visiwani. Kwani ramani yenu haijui miezi?"

Haikuijua; ilibidi waifundishe. Jumapili jioni walikaa kwenye kompyuta moja, bega kwa bega, wakaweka aina mpya: makazi ya msimu. Chini yake wakaandika miezi, idadi ya madungu, na majina yao yote mawili. Kisha wakawaandikia wenzao wote wa ramani kanuni mpya, nayo ilikuwa ya Mwalimu: asibadilishe mtu aina ya mahali ambapo hajapata kulala.

Nesi Elinipendo aliisoma Jumatatu asubuhi, akaongeza kituo.

Boti ilifika Kitopeni katikati ya Mei. Nesi alimpima Kudra mara mbili, kisha akafunga kipimo, akamwambia apande botini. Presha ilikuwa juu mno. Walimfikisha hospitali ya Mchukwi, akalazwa wiki tatu, na huko akajifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Alipokuwa kitandani hakuacha kuulizia shamba, mpaka Sufiani alipokuja na habari: Bi Kijakazi na wanawake wenzake walikuwa wamegawana zamu za upande wake, na nguruwe hakuonja hata suke.

Mtoto aliitwa Rukaiya. Mwalimu Theopista alimpakata kwa muda mrefu, akanong'ona kwamba alama moja aliyoiweka kwa haraka akiwa kitini ingeweza kumnyima mtoto huyu dunia.

Tahiri alimsikia. "Hata mimi, Mwalimu," akasema. "Nilizaliwa kule, lakini mara ya mwisho kulala dunguni nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Naam, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.