Mkaguzi na Dari ya Bi Zawena

Tajiri Makungu aliitamani nyumba ya Bi Zawena. Bibi alipokataa kuiuza, Makungu alimleta rafiki yake Sudi, mkaguzi wa nyumba, leseni mpya ikimning'inia shingoni.

Sudi alitazama juu, akatikisa kichwa. "Mama, dari hii itaanguka wakati wowote. Lazima uhame leo, nyumba ibomolewe."

"Mwenye leseni akisema, nani atabisha?" alijibu Bi Zawena kwa upole. "Ila nimeshapika pilau ya kuku. Karibuni tule, isije ikaharibika."

Wageni wakaketi mkekani, wakala mpaka wakalegeza mikanda. Shibe iliwalaza palepale, wakakoroma.

Walipoamka, majirani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Baba mkaguzi," alisema Bi Zawena, "nakwenda na mashahidi hawa kwenye ofisi iliyokupa leseni. Niseme umedanganya kuhusu dari, au niseme hujui hatari hata ukiwa umelala chini yake?"

Makungu alimkanyaga Sudi mguu. Sudi aliitazama dari, akawatazama majirani, akaishika leseni yake kwa mikono miwili.

"Nyumba hii ni imara kabisa, mama," alisema. "Ukoko umebaki?"