Punda Mwenye Mfuko wa Shati

Sogeeni karibu, na anayetafuna njugu azimeze kwanza, maana mwishoni nitawaomba mnisaidie kuamua kesi iliyonishinda.

Palikuwa na watu watatu mjini Tanga. Bi Mwanakombo alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na hakuna aliyemshinda kwa mshono ulionyooka. Shemweta alikuwa na mkono ambao hata ukivishwa soksi tupu utakuchekesha. Hidaya alikuwa na sauti: akitaka kizee, kizee, akitaka mtoto mchanga, mtoto mchanga. Mimi sikuwa na kipaji chochote, ndiyo maana wakanifanya mkuu wa kipindi.

Kipindi kilikuwa cha watoto, cha televisheni, na tulihitaji kikaragosi cha punda, cha kuvaliwa mkononi. Tukamwita Matege.

Bi Mwanakombo alimshona kwa kitambaa cha kijivu kilichobaki kwenye kaptula za shule. Alipofika kifuani, mikono iliyozoea mashati ikabandika mfuko.

"Bi Mwanakombo, punda na mfuko wapi na wapi?"

"Yarabi! Mkono umekwenda wenyewe. Lete niufumue."

Tulikuwa tumechelewa, nikasema uachwe. Siku ya kwanza tu watoto wakauliza mna nini mle mfukoni. Tangu hapo, kila kipindi Matege alitoa kitu: kifungo, kokwa ya ukwaju, barua.

Shemweta alimchezesha akiwa amechuchumaa nyuma ya meza, mkono juu. Siku ya pili mkono ukamfa ganzi katikati ya kurekodi, na Matege akainama taratibu hadi begani kwa binti aliyekuwa mgeni wetu. Binti huyo alikuwa akilia kwa kuogopa taa. Akanyamaza, akamkumbatia punda. Tangu hapo kila kipindi kiliisha kwa Matege kumwegemea mtu.

Hidaya naye, siku ya tatu, alicheka kwa sauti ya punda kupita kiasi, mwenyewe akashikwa na kwikwi.

"Turudie," akanisihi. "Nitaaibika Tanga nzima!"

Muda wa studio ulikuwa umekwisha, ikarushwa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata watoto wa shule zote walikuwa wakiiga kwikwi, na walimu wakaniletea malalamiko.

Basi punda akasafiri. Akaonwa Komoro, Ghana, Brazili, mpaka Vietnamu. Kila nchi ilitafsiri maneno, lakini kwikwi ya Hidaya ikaachwa kama ilivyo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuiiga. Barua zikamiminika. Mama mmoja wa Vietnamu alishona mfuko kwenye nguo ya mwanawe aliyelazwa hospitali, akawa anamwekea kikaratasi kila asubuhi. Mtoto wa Brazili, asiyependa kuguswa na mtu, alimwegemea babu yake kama Matege. Mtoto wa Ghana alikuwa hajacheka tangu afiwe na mama yake, kwikwi ikamchekesha. Barua hizo nilizisoma nikalia, na sioni haya kusema.

Ikapita miaka kumi na mmoja. Mwaka jana Hidaya alipasuliwa koo, sauti ikabaki mnong'ono. Sote tulikataa kumtafutia Matege sauti nyingine, kipindi kikafungwa. Wakubwa wa televisheni wakasema Matege apewe mmoja wa wale watatu, awe wake moja kwa moja, na mimi ndiye niamue.

Nikawaita.

"Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano," alisema Bi Mwanakombo. "Sitashona mwingine. Huyu ndiye wa mwisho."

"Mimi nimemvaa miaka kumi na mmoja," alisema Shemweta. "Bila yeye mkono huu sijui niuweke wapi."

Hidaya akanong'ona, "Sauti yangu imebaki kwake. Kwangu haipo tena."

Nikajaribu utani. "Basi tumwulize mwenyewe." Shemweta akamvaa.

"Ah, wapi!" Bi Mwanakombo akaruka. "Mkono ni wako, utamsemesha unavyotaka."

"Kwa sauti ya nani?" Shemweta alijibu, na papo hapo akajuta. Hidaya alikuwa ameinamisha kichwa. Shemweta akamleta Matege taratibu, akamwegemeza begani kwa Hidaya. Hidaya akatia kidole mfukoni, kama ilivyokuwa desturi ya kipindi. Hamkuwa na kitu. Bi Mwanakombo akang'oa kifungo cha gauni lake, akakidumbukiza mle.

Tulilia sote. Lakini hakuna aliyesema, "Achukue mwenzangu."

Msiniambie wapokezane: Hidaya anahamia Songea, Shemweta anarudi Lushoto. Wala msiniambie ashonwe wa pili. Huyo hatakuwa Matege.

Nimemfungia kabatini, kifungo kikiwa mfukoni. Ufunguo ninao hapa. Kesho saa nne watakuja watatu, na wawili wataondoka mikono mitupu.

Haya, ushikeni ufunguo. Je, wewe ungemfungulia nani?