Kapu la Bi Kishungi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo hata fisi alipiga hodi kabla ya kukutafuna, aliishi Kuku aitwaye Bi Kishungi. Alilala jikoni na vifaranga wake saba. Lakini watoto walikua! Huyu kalala kwenye sufuria, yule kazama kibuyuni, mwingine kasimama juu ya mwiko anahutubia wenzake.

Bi Kishungi akajenga banda ng'ambo ya uwanja: miguu mirefu, ukuta wa waya, komeo kwa ndani. Tatizo likawa kufika. Kichakani kando ya uwanja alijilaza Chui, anaramba masharubu. Nyuma ya zizi alijibanza Fisi, mate chururu!

Bi Kishungi akafikiri. Kisha akapaza sauti: "Jamani ee, nahama! Nani atanibebea vyombo? Desturi mnaijua: mbeba vyombo ndiye wa kwanza kula kwenye nyumba mpya!"

Puu! Fisi huyo mlangoni. "Hodi, shemeji!"

"Shemeji tangu lini?"

"Tangu uliposema kula. Kuna nini huko?"

"Ukifika tu, wanangu wote saba watakuwa bandani."

Fisi akawaza: nikimla mama hapa, watoto watatawanyika. Nikivumilia, nawapata wote chumba kimoja! "Lete mzigo!"

Akatwishwa kapu kubwa lililofunikwa kanga, limejazwa vitunguu saumu juu. Bi Kishungi akarukia kileleni. "Nashikilia vyombo visidondoke."

Wakaondoka. Chyaa! Fisi akapiga chafya kwa harufu ya vitunguu, hanusi kingine. Kapuni kukasikika: pii!

"Shemeji, mbona sahani zinalia?"

"Mpya hizo. Hazijazoea kuhama."

"Aa, maskini," akasema Fisi, akapunguza mwendo.

Mara Chui huyo, ghrrr! "Fisi! Kuku yuko kichwani kwako nawe unatembea tu?"

Fisi akamnong'oneza: "Tulia, mzee! Huyu mmoja. Bandani kuna saba!"

Chui akatabasamu mpaka masikioni. Akatangulia mbele, anang'oa miba na kusukuma mawe. "Polepole, Bi Kishungi. Angalia shimo hilo, mama."

"Ahsante, mwanangu. Umelelewa vizuri."

Walipofika, Bi Kishungi akasema, "Sukuma kapu lote ndani." Fisi akasukuma. Bi Kishungi akaingia, akavuta mlango. Kacha! Komeo.

Kanga ikafunuka. Vitunguu vikaruka huku na huku. Vifaranga saba wakachomoza vichwa: "Pii! Tumefika!"

Fisi akakodoa macho. "Walikuwa wapi hawa?"

"Kichwani kwako, shemeji. Nilikuambia ukifika watakuwa bandani. Nimesema uongo?"

Chui akamgeukia Fisi taratibu. "Kumbe ni wewe uliyewabeba?"

"Na nani alining'olea miba?"

Pa! Pu! Chwaa! Wakakimbizana, manyoya ya mkiani yakiruka, mpaka wakapotelea bondeni.

"Rudini basi!" Bi Kishungi akaita, akimimina pumba nje ya waya. "Desturi ni desturi, wa kwanza kula ni nyinyi! Na kesho kuna kabati la kubeba!"

Basi watoto, mwenye tamaa akiahidiwa karamu, hatazami kilicho kichwani kwake.