Giaboksi ya Pili ya Lwitiko

Nina kesi mkononi. Isikilizeni hadi mwisho, kisha kila mmoja atoe hukumu yake. Mimi nimejaribu kuiamua mara kadhaa, na kila mara nimebadili mawazo.

Makambako, katika gereji moja nyuma ya soko la mbao, walikuwapo mafundi watatu.

Skolastika Mwinuka alikuwa na kipaji cha namba. Ukimpa injini, hata iliyofutika maandishi, aliipima na kukwambia inazungusha shafti kwa nguvu kiasi gani, na ni kipi kitakachovunjika kwanza ukiibebesha mzigo.

Kastori Nyigu, mzee wa miaka sitini na tatu, alikuwa na pua. Alichovya kidole kwenye oili ya giaboksi, akanusa, akakwambia sahani za ndani ni nzima au zimeungua. Wakati huo hajafungua hata nati moja.

Obedi Kilasi alikuwa na mikono. Vyuma viwili vilivyotengenezwa nchi mbili tofauti, kwa magari mawili tofauti, vilipita kwenye mashine yake ya kuchonga vikatoka vinashikana.

Gereji yao ilikuwa na desturi moja. Fundi hamkosoi fundi mwenzake mbele ya mteja. Ukiona kosa, ngoja mteja aondoke. Asipoondoka, nyamaza. Waliiita heshima, na wateja waliwasifu kwa kutogombana.

Siku moja alikuja Lwitiko, dereva wa umoja wa wakulima wa viazi, pamoja na mwenyekiti wa umoja huo, mama Sekela. Lwitiko alitembea na fimbo. Gunia la viazi lilikuwa limemwangukia wakati wa kupakia, na goti lake la kushoto halikukunjika tena. Mguu wa kuongeza mafuta na kufunga breki ulikuwa mmoja, wa kulia, nao ulikuwa mzima kabisa. Tatizo lilikuwa klachi, inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto.

"Wanachama wengine wanataka dereva mpya," mama Sekela alisema. "Mimi nimewaambia, huyu ametubebea viazi miaka kumi na tisa bila kuangusha hata gunia. Tumwekee giaboksi ya otomatiki, isiyo na klachi ya kukanyaga, tuone."

"Otomatiki kwenye lori hili?" Obedi aliuliza.

"Hapo ndipo tunapowahitaji ninyi."

Kazi haikuwa ndogo. Injini ya lori hilo ilikuwa imetolewa kwenye mtambo wa kuchimbia barabara. Haikuwa na mbio, lakini ilivuta. Wakulima waliichagua kwa sababu ya mlima ambao madereva wanauita Pumua, kilomita saba za kupanda na mzigo. Giaboksi nyingi za otomatiki zisingeweza kustahimili nguvu ile.

Wakaenda wote kwa muuza vipuri vilivyotumika. Zilikuwapo giaboksi mbili za otomatiki. Moja ilitoka kwenye basi. Nyingine, kubwa na nzito, ilitoka kwenye gari la zimamoto.

Obedi alipima matundu ya boliti ya ile ya basi. "Hii inaingia," alisema. "Haihitaji hata kuchongwa. Keshokutwa unaendesha, baba."

Lwitiko alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Keshokutwa? Umeniokolea ndoa, maana mke wangu amechoka kunitazama nimekaa."

Skolastika alikuwa ameinama kusoma kibati cha giaboksi, kinachotaja nguvu inayoweza kustahimili. Kwa kipimo cha mafundi, injini ilizungusha kwa nguvu ya elfu moja na mia moja. Kibati kiliandikwa mia nane na hamsini tu. Alifungua mdomo. Akamwona Obedi ameshika bega la mteja. Akaufunga.

Mzee Kastori alichovya kidole. Oili ilinuka kidogo kama ukoko wa wali. Kidogo tu. Alijiambia kwamba Skolastika ameshasoma kibati na hajasema kitu, na yeye ni nani amwaibishe Obedi kwa harufu.

Obedi mwenyewe aliona jambo. Rejeta ndogo ya kupozea oili, iliyokuja na giaboksi ya basi, ilikuwa nyembamba. Kwa njia ya tambarare ingetosha. Kwa Pumua, hakuwa na uhakika. Lakini mambo ya oili yalikuwa ya mzee Kastori, na mzee hakuwa amesema neno.

Wakaifunga, Lwitiko akiwa amekaa gerejini muda wote. Siku ya tatu Lwitiko akaondoka na magunia tisini.

Kilomita ya tano ya Pumua, injini ilinguruma na lori likasimama. Akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, magurudumu hayakuzunguka. Moshi ukatoka chini. Lwitiko akafunga breki, akashuka kwa fimbo, akasukuma mawe nyuma ya matairi, kisha akakata matawi na kuyapanga barabarani ili wanaokuja waone kuna gari bovu. Alikaa hapo kwa muda wa saa sita. Madereva wenzake walipita.

"Mzee, mguu umegoma?" mmoja alipaza sauti dirishani.

Mwingine alimpungia mkono bila kupunguza mwendo.

Mchana likaja lori jingine kuchukua viazi. Yule dereva alikuwa kijana, na alipanda kwenye mzigo kwa kuruka.

Siku iliyofuata lori lilivutwa hadi gereji. Mafundi watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Kila mmoja alikuwa ameandaa jambo la kusema, na hakuna aliyelisema, kwa kuwa Lwitiko aliwatangulia.

"Kamwene," aliwasalimu. "Poleni sana. Nimewaharibia kazi."

Akaegemea fimbo yake.

"Nadhani nilikanyaga mafuta vibaya. Otomatiki sikuizoea, na mguu wenyewe mnauona. Jana mbele ya mkutano wa wanachama niliomba radhi. Mama Sekela amenitetea, wamenipa safari moja tu. Ikishindikana, lori wanampa yule kijana."

Mzee Kastori alikwenda nyuma ya gereji kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi. Obedi aliinama akatafuta spana iliyokuwa mfukoni mwake. Skolastika ndiye aliyebaki amesimama mbele ya Lwitiko, na hata yeye alitazama fimbo, si uso.

"Si kosa lako," alisema.

"Unanifariji, binti yangu. Asante."

Hapo ilikuwa nafasi ya kusema. Ilipita.

Walirudi kwa muuza vipuri, Lwitiko akiwa nao. Safari hii Obedi alinyoosha mkono kuelekea giaboksi nyingine ya basi iliyoletwa wiki hiyo, yenye matundu yaleyale. "Hii nayo inaingia," alisema, kwa sauti ndogo.

"Hapana," Skolastika alisema, mbele ya mteja. Muuza vipuri aligeuka. "Injini hii itaivunja. Tazama kibati: mia tisa. Ya zimamoto imeandikwa elfu moja na mia tano. Giaboksi lazima iizidi injini, tena kwa nafasi. Tukiilinganisha tu, mlimani itakufa." Isingekuwa namba zake, wangefunga ileile iliyokwisha kuwashinda.

Za zimamoto sasa zilikuwa mbili, ile ya awali na nyingine iliyoletwa karibuni. Vibati vilisema namba ileile, matundu yalikuwa yaleyale, ila moja ilikuwa imepakwa rangi mpya inayong'aa. Muuza vipuri aliisifia hiyo. Mzee Kastori alichovya kidole kwenye zote mbili, akanusa muda mrefu.

"Hii yenye rangi imeungua," alisema.

"Mzee, pua imezeeka," muuza vipuri alimjibu.

"Imezeeka pamoja nami. Tutachukua ile chafu." Isingekuwa pua yake, wangebeba namba nzuri yenye sahani zilizokwisha.

Lakini ile chafu haikuingia kwenye injini. Matundu hayakukutana hata moja. Obedi alikaa kwenye mashine siku nane akichonga duara la chuma la kuziunganisha. Mara mbili alilitupa akaanza upya, kwa sababu lilikosa katikati kwa unene wa unywele, na katika mzunguko unywele huo ungekula shafti. Kisha akaondoa rejeta ile nyembamba, akafunga nyingine pana mara tatu, yenye feni yake. Isingekuwa mikono yake, namba nzuri na oili safi vingebaki sakafuni.

Wakati akiifunga, mama Sekela alipita kutazama. "Mbona hii hamkuiweka tangu mwanzo?"

"Tulikosea," Obedi alisema. Akaendelea kukaza boliti.

Lwitiko alipanda Pumua na magunia mia. Kilomita ya tano ilipita, ya sita ikapita. Juu kabisa alisimama, akashuka, akagusa giaboksi kwa nyuma ya mkono. Ilikuwa na joto la kawaida. Yule dereva aliyemuuliza kuhusu mguu alikuwa pale akinywa chai. Lwitiko alimwagizia kikombe cha pili, akaendelea na safari.

Sasa, madereva wa njia ile wana desturi ya kuandika jina juu ya kioo cha mbele. Wengine huandika jina la mama, wengine la mtoto. Jina hilo husomwa kila mji lori linapopita. Lwitiko alikuja gereji na mchoraji, paji la lori likiwa limeshapakwa rangi nyeupe.

"Nataka jina la fundi aliyenirudisha barabarani," alisema. "Nafasi ni ya jina moja. Semeni ninyi wenyewe ni la nani."

Obedi alitazama chini. "Usiandike langu. Ile rejeta ya kwanza niliiona ni nyembamba. Nilinyamaza."

Mzee Kastori akavua kofia. "Wala langu, ndugu yangu. Oili ya ile ya basi ilinuka. Sikuwa na uhakika, lakini ilinuka."

"Mimi nilikuwa na uhakika," Skolastika alisema. "Kibati nilikisoma. Nilijua itavunjika mlimani kabla hujawasha gari. Niliona haya kumkosoa Obedi mbele yako."

Lwitiko alikaa kwenye tairi kuukuu. Alinyoosha mguu wake wa kushoto, akautazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyesingiziwa bure.

"Nimewaomba radhi watu arobaini," alisema. "Nimesimama kwa fimbo nikawaambia mguu wangu umewaharibia viazi. Ninyi mlinisikia nikisema hivyo hapa mlangoni."

"Tulikusikia," Skolastika alisema.

"Mama Sekela anajua?"

"Tutamwambia. Tutawaambia wote arobaini."

"Mtawaambia mkiwa watatu. Na mimi nitakuwapo." Akainuka. "Lakini lori linakwenda. Hilo nalo ni kweli, na aliyelifanya liende ni mmoja wenu zaidi ya wengine, au basi sijui. Jina litaandikwa. Sitaki paji jeupe, watu wataniuliza nimemficha nani."

"Andika la Skola," Obedi alisema. "Ndiye aliyethubutu kuvunja desturi."

"Niliyejua zaidi nikanyamaza? La mzee."

"Mimi ni wa kunusa tu. La Obedi. Siku nane kwenye mashine, na ndiye aliyeanza kusema ukweli."

"Nilianza baada ya kuulizwa."

Mchoraji alikuwa amepanda ngazi, brashi imechovywa. Alisema rangi inakauka.

Basi, wenzangu, mmewasikia. Namba bila pua, au pua bila mikono, isingemfikisha Lwitiko juu ya Pumua. Na kila mmoja wao, kwa ulimi aliouzuia, alimfikisha kwenye kilomita ya tano akakaa na matawi yake saa sita. Mmoja alijua, mmoja alishuku, mmoja aliona akamwachia mwenzake. Hakuna anayetaka jina lake lisomwe njiani, na dereva anataka jina. Ngazi imeegemezwa, mchoraji anasubiri. Ungekuwa Lwitiko, ungemwambia aandike la nani?