Hongo ya Kupita Ugogo

Kipele hakimuui mtu. Kinachomponza ni vidole vyake mwenyewe. Leo anakigusa, kesho anakikuna, keshokutwa anakichezea huku akizungumza na jirani, na siku kinapopasuka ndipo anauliza usaha umetoka wapi. Wahenga waliliona hilo wakasema, mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Hawakuukataza mzaha, walisema tu kwamba una mwisho, na mwisho wake hauchekeshi. Luteni Yasinta Ndahani aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, tena aliwahi kuiandikia insha akapata alama zote. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine.

Ilikuwa miaka ya ruksa ya anga. Kabla ya hapo, mizigo yote ya angani ilibebwa na shirika moja la umma lenye vyombo vitano: viwili vinaruka, vitatu vinang'olewa vipuri. Wachimbaji wa madini waliokaa kwenye Ukanda wa Mawe, huko ng'ambo ya Mirihi, walingoja maji miezi minne, na pengine barua ya kuomba radhi ndiyo iliyowafikia kwanza. Kisha Serikali ikafungua milango. Kila aliyeweza kupata chombo cha mtumba akaruhusiwa kubeba mizigo, na vyombo vikawa vinapaa kutoka Kongwa kama kumbikumbi baada ya mvua. Ndiyo Kongwa ile ile ambako wakoloni walilima karanga zikawashinda. Karanga zilikataa, vyombo vikakubali, maana nchi ni tambarare na kwa miezi mingi ya mwaka anga lake halina hata wingu la kusingizia.

Lakini nyama ikinuka, fisi hangoji kualikwa. Maharamia nao wakaingia angani. Walijificha nyuma ya mawe makubwa ya Ukanda, wakavizia vyombo vya maji, wakawatupa wenye vyombo nje kama maganda ya muwa. Jeshi likaunda Kikosi cha Doria, makao yake makuu Dodoma, na Yasinta, binti wa Kigogo kutoka Mlali mwenye umri wa miaka ishirini na sita, akapewa chombo kidogo chenye mizinga miwili kilichoitwa Chenene. Kazi yake ilikuwa moja: kulinda njia ya maji. Alikuwa mwepesi kama swala na jasiri kupita wengi waliomzidi cheo. Mwaka mzima aliliwinda kundi moja la maharamia sita, na mwaka mzima kundi hilo lilimponyoka kama kambale mwenye matope.

Katika njia hiyo alipita kila mwezi mzee mmoja Mnyamwezi, Bartolomayo Kasanda, na mkewe Ritha aliyekuwa fundi wa mitambo. Chombo chao, Sikonge, kilikuwa kikuukuu chenye viraka kama suruali ya mkulima, lakini kilifika. Wawili hao walibeba maji ya kuwatosha wachimbaji mia tatu.

Mgogo na Mnyamwezi, kama ijulikanavyo, ni watani. Utani wao ulianza enzi za misafara, wakati Wanyamwezi walipopita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, nao Wagogo wakawadai hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Basi siku ya kwanza Yasinta aliposikia redioni lafudhi ya Tabora, damu ilimchemka kwa furaha. Akaisogeza Chenene ubavuni mwa Sikonge, akawasha taa za mizinga, akakaza sauti kama mtemi mzee.

"Simama, mpagazi! Lipa hongo ya kupita Ugogo! Fungua mlango!"

Kisha redio ikalipuka kwa kicheko.

"Nani huyo? Mgogo? Ama kweli dunia imekwisha! Watu waliozoea kushinda na ubuyu leo wamepewa mizinga!"

"Babu zako walibeba pembe, wewe unabeba maji. Ukoo mzima mmezaliwa na kata kichwani! Fungua, mtumwa wangu."

Bartolomayo akafungua. Yasinta akaingia na askari wake, akachukua mfuko wa karanga jikoni bila kuomba, akaondoka nao. Mwenye mali alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa maana mtani akichukua hajaiba. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao. Kila Sikonge ilipopita, sauti ya mtemi mzee ilivuma redioni, na kila ilipovuma, mlango ulifunguliwa.

Sajini Abbasi, mpiga mizinga wa Chenene, hakuipenda desturi hiyo. Alikuwa mtu wa Busi kule Kondoa, mtaratibu, mwenye kusali sala zake tano hata mahali pasipo na mashariki wala magharibi.

"Afande," alimwambia siku moja, "redio ile inasikika na kila mwenye masikio."

"Na wasikie. Kucheka ni kosa?"

"Kucheka si kosa. Ila unamfundisha mzee wa watu kufungua mlango kila anapopigiwa kelele."

"Abbasi, wewe ungezaliwa ng'ombe, ungekuwa yule wa mwisho zizini, anayechunguza kila jiwe," Yasinta akajibu, na askari wengine wakaangua kicheko. Abbasi akarudi kwenye mizinga yake. Maji yakizidi unga, mpishi hana la kufanya.

Mwezi wa tano Bartolomayo akalipiza. Alifungua mkondo wa dharura, ule ambao kwa sheria hutumiwa na mtu aliye hatarini peke yake, akapiga ukelele: "Nakufa! Nisaidieni! Nimevamiwa, wallahi si utani!" Chenene ikakatisha doria, ikaja mbio hadi mitambo ikanuka moshi. Walipofika walimkuta Bartolomayo ameketi dirishani na sahani ya ugali, anatafuna.

"Nimevamiwa na njaa," alisema. "Nikaona nisile peke yangu, Mgogo asije akafa kwa harufu."

Kisheria Yasinta alipaswa kuandika taarifa. Mtu aliyechezea mkondo wa dharura alinyang'anywa leseni miezi mitatu, na Meja Paskazia, mkuu wao wa Dodoma, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Ritha mwenyewe, aliyetoka kwenye mitambo mikono imejaa grisi, alisema waziwazi: "Mwandike, binti yangu. Mimi nimemkataza hakunisikia. Atulie nyumbani miezi mitatu, akili imrudie."

"Mama, mtani hashtakiwi," Yasinta akasema. Akala ugali, akaondoka. Taarifa haikuandikwa.

Wiki sita zikapita. Asubuhi moja, saa nne kwa saa ya Dodoma, Yasinta alikuwa na kikombe cha chai mkononi redio ilipoita kwenye mkondo wa dharura.

"Afande Luteni Yasinta Ndahani. Hapa ni Sikonge, jirani na Jiwe la Nane. Naomba msaada. Watu wenye silaha wameingia mlango wa nje. Nimefunga wa ndani. Tupo wawili, mimi na mke wangu."

Sauti ilikuwa ya Bartolomayo, tulivu kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Yasinta akawakonyeza wenzake.

"Eh! Leo mpagazi kajifunza adabu! Afande Luteni! Ngoja nimalize chai, mtumwa wangu, nije na sahani yangu."

Askari wakacheka. Redio ikakoroma.

"Afande, nakuomba. Wanakata mlango."

"Waambie wakate na kitunguu!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Redio haikujibu tena. Yasinta akamalizia chai yake, akapokea ramani, akaanza kupanga doria ya jioni. Abbasi alikuwa amesimama mbele ya redio, kichwa amekiinamisha kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Afande," akasema hatimaye, "hajakutukana."

"Nini?"

"Yule mzee. Tangu nimjue hajawahi kukusemesha mara mbili bila kukutukana. Leo kakuita kwa cheo, jina na ukoo. Mtani hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu anayeogopa kufa."

Ramani ilimponyoka Yasinta mkononi. Aliiangalia saa. Dakika kumi na moja zilikuwa zimepita.

"Washa mitambo! Yote!" Sauti yake haikuwa na mtemi wala mtani ndani yake. "Jiwe la Nane, mwendo wa mwisho!"

Safari ilikuwa ya dakika ishirini. Kwa Yasinta ilikuwa miaka. Mara kumi aliita redioni, "Sikonge, nakuja. Mzee Bartolomayo, nakuja, jibu," na mara kumi akajibiwa na mkoromo mtupu.

Walikikuta chombo cheusi cha maharamia kimeing'ang'ania Sikonge ubavuni kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Kukipiga kwa mzinga kungewaua na waliomo ndani ya Sikonge. Yasinta hakusita. Alimwamuru rubani aichomeke Chenene kati ya chombo cheusi na njia yake ya kutorokea, kisha akamgeukia Abbasi. "Lenga tangi lao la mafuta la nyuma. Toboa tu, usilipue."

Abbasi akapiga bismillah, akafyatua. Tangi likatoboka, mafuta yakatawanyika angani kama moshi, na chombo cheusi kikabaki gogo. Yasinta akavaa vazi la anga, akaingia Sikonge kwa mlango wa mizigo na askari watatu nyuma yake. Mapigano yalikuwa mafupi na makali. Katika ujia mwembamba usiopisha watu wawili, haramia wa kwanza alimchana bega kwa kisu, hakusikia maumivu. Alipigana kama mama aliyekuta nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Wawili wakaanguka, wanne wakatupa silaha. Kundi lililomponyoka mwaka mzima lilikuwa limepiga magoti mbele yake.

Hakuwatazama. Alikimbilia chumba cha usukani. Mlango wa ndani ulikuwa umekatwa kwa moto, kingo zake bado nyekundu. Bartolomayo alikuwa chini, kichwa chake kwenye mapaja ya Ritha. Alikuwa amesimama mbele ya mkewe maharamia walipoingia, na risasi zote zilimpata yeye.

"Shikamoo, mama," Yasinta akasema, kwa kuwa hakuwa na neno jingine.

Ritha hakuitikia. Alizungumza polepole, kama anayetoa maelezo ya mtambo ulioharibika.

"Redio ilisema, 'Simama, mpagazi, lipa hongo.' Sauti nzito ya kizee. Mume wangu akacheka. Akasema, 'Mtani wangu huyo, leo kaja mapema.' Akawafungulia mwenyewe. Alipoona bunduki, akawahi kufunga mlango wa ndani. Mlango ule niliuchomelea mimi. Ulishika dakika ishirini na sita. Nilikuwa nahesabu." Akanyanyua uso. "Wewe ulikuwa umbali gani?"

"Dakika ishirini, mama."

Ritha akatikisa kichwa, akarudi kumfuta mumewe damu usoni. Hakuuliza dakika zile nyingine zilikwenda wapi. Redio ya Sikonge ilikuwa wazi hadi maharamia walipokata nyaya zake. Vicheko vya Chenene alivisikia.

Dodoma ilimpokea Yasinta kama shujaa. Magazeti yakamwandika, wakubwa wakatangaza nishani. Yeye alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Meja Paskazia, akamkabidhi kanda za redio, zile za siku hiyo na zile za miezi yote ya nyuma, akasimama wima wakati zinasikilizwa. Meja alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Nishani utapewa, kwa sababu uliwakamata," alisema. "Chombo hutapewa tena. Na ungemwandikia taarifa mwezi wa tano, leo mzee huyu angekuwa nyumbani kwake, amenuna."

Mazishi yalifanyika Kongwa, mchana, katika vumbi na upepo. Sanduku lilipowekwa kando ya kaburi, kaka wa marehemu akaangaza macho katikati ya waombolezaji. Kwa mila, mtani ndiye anayewapunguzia wafiwa uchungu: humkejeli marehemu, huigiza mwendo wake, huwafanya waliao wacheke katikati ya kilio. Watu wakamsukuma Yasinta mbele.

"Mgogo wake yupo! Sema, mtani! Ndiyo haki yake!"

Yasinta akasimama ukingoni mwa kaburi, bega limefungwa bandeji. Alikuwa ameapa kutofanya mzaha tena maishani. Akafungua kinywa, akasema ukweli.

"Mimi ndiye niliyemuua. Aliniita, nikanywa chai."

Waombolezaji wote wakaangua kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakagonga fimbo chini. "Huyo ndiye mtani!" wakapiga kelele. "Eti alikuwa anakunywa chai!"

"Nawaambieni kweli," Yasinta akasema, machozi yakimdondoka. "Dakika kumi na moja. Angekuwa hai."

Wakacheka zaidi, wakisema hawajapata kuona mtani anayejua kulia vizuri hivyo. Kadiri alivyoungama, ndivyo walivyoshika mbavu. Mtu mmoja tu hakucheka. Ritha alikuwa ameketi kwenye mkeka, khanga imemfunika nusu ya uso, akimtazama Yasinta bila kupepesa, na katika umati ule wote ni wao wawili tu waliojua kuwa mzaha mzaha, hutumbuka usaha.