Wilfredi wa Kivukoni

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, watu wa Uingereza walikuwa na jina mojamoja. Wilfredi, basi. Agnesi, basi. Na kijijini kwa Agnesi akina Wilfredi walikuwa tele, mumewe mmojawapo.

Mume huyo alikaa kando ya mto, penye kivuko, maji yanapofika magotini. Mto ukijaa, yeye huingia, huwabeba watu mgongoni. Wagonjwa kabeba, maharusi kabeba, bila ujira. Agnesi hununa: "Wewe mume au punda?" Lakini alimpenda, alimpenda kweli.

Siku moja farasi wa bwana mkubwa akaibwa. Mchungaji wa farasi akasema, "Nimemwona mwizi kwa mbali, nikasikia akiitwa Wilfredi." Askari mbio, mbio, wakamkamata Wilfredi wa kwanza waliyemkuta. Nani? Huyohuyo wa Agnesi! Jua likizama, anyongwe.

Agnesi akakimbia hadi uani kwa bwana, kiatu kimoja mguuni.

"Bwana, siye huyu!"

"Mwizi ni Wilfredi. Huyu si Wilfredi?"

"Ndiye, bwana, lakini wako wengi! Huyu ni wa kivukoni. Waulize watu!"

Bwana akacheka. Agnesi akaona dunia inamwishia.

Hapo kikongwe mmoja akajitokeza. "Wa kivukoni? Farasi alipoibwa mto ulikuwa umefurika, bwana. Huyu alishinda majini akituvusha sisi na jeneza la mume wangu."

"Na mimi na mwanangu!" akadakia mwingine. "Na mimi!" Ua mzima ukavuma.

Mchungaji akaitwa, akamtazama mfungwa, akainamisha kichwa. "Yule alikuwa mfupi, bwana. Huyu siye."

Wakamfungua. Agnesi akamkumbatia, akilia na kumgombeza papo hapo.

Tangu hapo wanakijiji wakaapa mtu asife kwa jina la mwenzake, kila jina wakalitia mahali pa mwenyewe. Huyu wa kilimani, yule wa kisimani, na Wilfredi wa kivukoni. Kivuko kwa lugha yao ni Ford. Wewe unayecheka huko nyuma, sisemi gari! Wajukuu wa Wilfredi walilibeba jina hilo hadi miji ambayo haina hata kijito.

Jina jema hung'ara gizani, wanangu. Jina la Wilfredi lilikuwa la wengi. Lililomwokoa ni lile alilopewa na aliowatendea wema.

Kisa nimekitua, mwenye nguvu akibebe.