Foleni Nane za Bi Nukta

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Maana yake ni nyepesi: mtu anaweza kuwa bingwa wa kazi fulani, akawafanyia wengine kwa ustadi, lakini ikija zamu ya kichwa chake mwenyewe, mkono haufiki na jicho halioni. Wapo wanaodhani methali hii ilitungwa kwa ajili ya wengine. Bi Nukta alikuwa mmoja wao.

Hilo halikuwa jina lake. Alibandikwa na wenzake kazini kwa sababu hakuna kasoro ya msimbo, yaani maandishi ya programu za kompyuta, iliyowahi kupita mbele ya macho yake, hata iwe ndogo kama nukta. Kampuni yao ilitengeneza visanduku vya mtandao, vile vinavyounganisha kompyuta za zahanati na za hospitali kubwa. Yeye alikuwa mkaguzi mkuu wa kiendeshi, yaani msimbo unaoiongoza kadi ya mtandao ndani ya kisanduku. Kwa miaka kumi na mmoja aliyakagua mabadiliko ya watu kabla hayajapokewa. Waandishi walimwogopa kama ukoma, lakini kazi ikitoka kwake ilikuwa safi kama pamba.

Mwaka huo zahanati zililalamika kwamba picha za eksirei zinafika kwa kujikokota. Sababu ilijulikana. Pakiti zote, yaani vifurushi vidogo vya data, zilizoingia kwenye kisanduku zilipanga foleni moja, zikahudumiwa na kiini kimoja cha prosesa, huku viini vingine vimekaa kama wageni waalikwa. Dawa ilikuwa kufungua foleni nyingi, kila foleni na kiini chake. Safari hii Bi Nukta hakumsubiri mtu aandike ili yeye akague. Aliandika mwenyewe. Baada ya wiki tano, kompyuta ya mezani kwake, yenye viini vinane, ilikuwa inapokea pakiti kwa foleni nane bila kutoa jasho.

Siku ya kutuma programu mpya kwa zahanati sitini ikawadia, na kazi yake haikuwa imekaguliwa na mtu. Sheria ya ofisi ilikuwa wazi: mwandishi haidhinishi kazi yake. Ila mkaguzi mkuu alikuwa na ruhusa ya dharura, na programu ilikuwa iondoke saa nane mchana. Saa nne asubuhi Bi Nukta aliisoma kazi yake mara ya mwisho, akaona haina doa, akajiidhinishia. Nani mwingine angeona asichokiona yeye?

Aliyeona ni wifi yake. Mke huyu wa kaka yake alikuwa mjaribu wa programu katika ofisi ileile, mwanamke asiyesema sana, lakini akikusema umesemwa. Saa sita kasorobo alifika mezani kwa Bi Nukta amekumbatia kisanduku kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

"Wifi, nimesoma foleni zako."

"Nani kakutuma? Zimeshapita."

"Zimepita kwa nani?"

"Kwangu."

"Hee! Mchezaji huyohuyo ndiye refa?"

Bi Nukta akakunja ndita. "Sema shida yako, nina kazi."

"Kisanduku chenye viini vinne kinafungua foleni ngapi?"

"Nne. Hilo nalo la kuuliza?"

"Na lile jedwali linalozigawia pakiti foleni za kwenda, linajua kwamba foleni ni nne?"

"Linajua bwana! Rudi kwenye meza yako ukabonyeze vitufe."

"Nirudi? Kadi ya mwaliko wa harusi yangu uliirudisha imejaa wino mwekundu, leo wewe hutaki kusomwa?"

Kwenye meza za jirani watu walikohoa kikohozi cha ghafla. Bi Nukta hakupenda kuchekwa, hivyo akaona njia fupi ni kumnyamazisha wifi yake hadharani. Akachomeka kisanduku, akakitumia salamu fupi ya majaribio. Kisanduku kikajibu papo hapo.

"Umeona? Kizima kama chuma!"

"Sasa tuma picha za eksirei. Kumi kwa mpigo."

Akatuma. Nne zilifika kama mshale. Sita zilikwama, wala hakuna onyo lililotokea. Akarudia. Safari hii zilifika tano. Bi Nukta akaufungua msimbo wake, akaenda moja kwa moja kwenye jedwali.

Jedwali lile aliliandika siku ya kwanza, akitazama kompyuta yake ya viini vinane, akalijaza namba za foleni nane. Wiki ya tatu aliongeza msimbo wa kupunguza foleni kwa visanduku vidogo, lakini jedwali hakuligusa. Kwa hiyo nusu ya pakiti zilielekezwa kwenye foleni ambazo hazikufunguliwa, kama wagonjwa wanaoambiwa waende dirisha la saba katika zahanati yenye madirisha manne. Sehemu hiyo alikuwa ameisoma mara thelathini. Kila mara jicho lilisoma alichokusudia, si alichoandika.

"Zahanati ngapi zina visanduku vya viini vinne?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hamsini na mbili."

Zote zingepoteza nusu ya mawasiliano kwa mkupuo, na kisanduku kilichoziba masikio hakiponywi kwa mbali. Lazima mtu akifuate hukohuko kilipo.

"Ni jambo dogo," alisema Bi Nukta, vidole vimeshaanza kukimbia. "Nalirekebisha sasa hivi. Saa nane itatukuta tumemaliza."

"Wifi, mtu akikuletea kiraka cha nusu saa siku ya kutuma, wewe unamfanyaje?"

"Namfukuza."

"Basi jifukuze."

Bi Nukta alimtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Katika miaka kumi na mmoja hakuna kazi yenye jina lake iliyowahi kuondolewa. Akaandika ujumbe kwa ofisi nzima: "Naondoa foleni nyingi kwenye programu ya leo. Jedwali halifuati idadi ya foleni. Kosa ni langu, na nilijiidhinishia. Aliyeligundua ni mjaribu wetu." Akautuma kabla moyo haujageuka, kisha akaenda kwa bosi kwa miguu yake.

Programu iliondoka saa nane bila foleni nane. Picha za eksirei zikajikokota wiki moja zaidi, lakini zilifika zote. Wiki hiyo wifi mtu aliirudisha kazi ya Bi Nukta ikiwa na maoni kumi na saba. Bi Nukta alibishia kila moja. Alishinda matatu.

Kazi ilipopita na kutumwa, zahanati sitini zikapokea picha chapuchapu, na hakuna hata moja iliyopiga simu. Bosi alimwita akamuuliza kama ile ruhusa ya dharura iendelee kubaki mikononi mwake.

"Ifute," alijibu Bi Nukta. "Na ya kwako pia."

Akarudi mezani, ambako mabadiliko ya wenzake yalikuwa yanamsubiri, akaendelea kuyanyoa bila huruma. Yake aliyapeleka kwa wifi, kwa maana kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.